Wageni Waliokuja Kusikiliza Mkata

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi yetu ya Msamvu, Morogoro, nikarudi nyumbani Kilakala kulima mchicha. Kazi yangu kwa miaka yote ilikuwa moja tu, kupanga safari za watu wanaokwenda kuona tambarare ya Mkata, ndani ya hifadhi ya Mikumi. Masika yakikolea, nchi yote kule inageuka bwawa. Kiangazi kikija, yanabaki madimbwi, matete na tope jeusi, na kila mnyama anajua njia ya kwenda kunywa. Ninyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Mishahara sitaitaja, haina hadithi. Vyeo navyo nitaviruka, maana ofisi ilikuwa na watu watatu na hapakuwa na pa kupandia.

Aliyeniajiri ni Bi Konsolata, mama wa Kiluguru kutoka milimani Matombo, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti cha wageni akaniuliza kama nimewahi kufika hifadhini.

"Ndiyo, mama. Nimepita na basi nikienda Iringa."

"Ukaona nini?"

"Nyani. Na twiga mmoja, kwa mbali."

"Basi hujafika. Kesho unakwenda na Kassim."

Kassim ndiye alikuwa dereva wetu, kijana wa Kihonda aliyekuwa akiendesha polepole kuliko dereva yeyote niliyepata kumjua, na akijivunia hilo. Alinizungusha kutwa nzima. Niliona tembo, niliona mamba amelala kama gogo, niliona bwawa la viboko na ndege weupe wamesimama juu ya migongo yao. Nilirudi ofisini nimejaa maneno. Bi Konsolata alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akauliza, "Watoto wa shule watajisaidia wapi?"

Sikujua.

"Mtu akiumwa njiani, zahanati ya karibu ni ipi? Kivuli cha kulia chakula kiko wapi? Mvua ikinyesha mko bwawani, mtarudi kwa njia ipi?"

Hayo nayo sikuyajua hata moja. "Basi kesho unakwenda tena," akasema.

Nilikwenda tena, na tena. Mpaka leo mtu akinitajia safari, kitu cha kwanza kinachonijia akilini ni choo. Wageni husimulia simba, lakini safari nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibiwa na choo, maji ya kunywa au mtu aliyevaa viatu vya harusini.

Udongo nilifundishwa na Kassim. Ule mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unateleza kwanza kama bamia, halafu unashika kama gundi, na dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira anajichimbia kaburi la gurudumu. Kassim alikuwa akishuka, anakandamiza kisigino ardhini, anatazama maji yanavyojaa kwenye alama, ndipo anaamua. Nyuma ya kiti tulibeba jembe, koleo, kamba nene na mbao mbili za mninga. Zile mbao zimetutoa bondeni mara nyingi kuliko injini. Tafadhali msizigeuze benchi.

Wageni wengi hutaka kwenda kiangazi, nyasi zikiwa fupi na wanyama wamejazana kwenye maji. Si vibaya. Mimi nilipenda mwishoni mwa masika, mvua zinapokatika lakini maji bado yametanda, ndege wa majini kama korongo na yangeyange wametapakaa kila mahali. Shida ya wakati huo ni kwamba barabara bado haijaamua kama ni barabara. Tena kulikuwa na wageni waliopiga simu kuuliza simba hutoka saa ngapi. Bi Konsolata alikuwa na jibu lake, na mimi nililirithi: simba hatujamwajiri.

Sasa niwaeleze kazi iliyonifanya nijione kweli ni mpangaji wa safari. Kabla yake nilikuwa karani anayejua njia.

Asubuhi moja aliingia ofisini mwalimu aitwaye Edith, mama mwembamba mwenye mkoba mzito. Alikuwa akifundisha katika shule moja ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Darasa lake la sita lilikuwa limesoma habari za ardhi oevu, yaani maeneo kama Mkata, ambako maji hukaa. Watoto wakamwuliza kwa nini wenzao wa madarasa mengine hupelekwa hifadhini kila mwaka na wao wanabaki shuleni.

"Nikawajibu kwamba nitauliza," akasema Mwalimu Edith. "Nimekwenda ofisi mbili kabla ya hii. Ya kwanza walicheka. Ya pili walinihurumia. Afadhali waliocheka."

Nilimtazama Bi Konsolata. Nilitegemea angejibu yeye, kama kawaida ya mambo mazito. Akanigeuzia mimi.

"Tausi, hii ni yako. Mimi sijui pa kuanzia. Wewe pia hujui, ila una miguu mizima."

Usiku ule sikupata wazo lolote. Kesho yake nilimwomba Kassim anipeleke bondeni, na tulipoingia hifadhini nikatoa khanga mkobani nikajifunga machoni.

"Dada Tausi," Kassim akasema, "askari wakituona watadhani nimekuteka."

"Endesha. Usiniambie kitu."

Nilikaa hivyo sehemu kubwa ya siku, na nilijifunza mambo ambayo kazi yangu yote ya nyuma haikunifundisha. Kwanza, gari likitembea hakuna hifadhi. Kuna injini tu na vumbi puani. Pili, bwawa la viboko tulilokuwa tukiwapeleka wageni mchana ni kimya kabisa saa hizo. Viboko wamelala ndani ya maji, na mtu asiyeona angeapa kwamba ameletwa kwenye kiwanja kitupu. Asubuhi na jioni ndipo wanapogombana na kupiga kelele. Tatu, na hili liliniuma, maneno yetu yote ya kutembezea wageni yalikuwa "pale" na "kule" na "tazameni". Nilijaribu mwenyewe kumweleza Kassim ndege bila kutumia neno lolote kati ya hayo. Nikakwama.

Nilipofungua khanga machozi yalikuwa yananitoka kwa mwanga. Kassim akadhani nalia, akazima gari na kunipa maji. Sikumsahihisha, maana nilikuwa na kiu.

Basi tukaanza upya. Lori letu la zamani lililofungwa viti, ambalo halikuwa na vioo pembeni na wageni walilidharau, likawa ndilo gari linalofaa kuliko yote, kwa sababu harufu na sauti zilipita bila kubisha hodi. Tulipata askari wa hifadhi aitwaye Joseph, kijana mrefu mpole, aliyekubali kufanya mazoezi. Nilimkalisha kwenye kivuli langoni, akasema, "Mnaona kule mbele..." nikamkatiza. Akaanza tena, "Pale karibu na..." nikamkatiza. Alasiri alikuwa ameanza kusema, "Mkono wa kulia, umbali wa kurusha jiwe, kuna matete marefu kuliko mtu, na yanayumba kwa sababu ndege wametua juu yake." Tuliposikia hivyo tukapeana mikono. Joseph ndiye aliyekumbuka kwamba langoni kuna fuvu la kiboko lenye meno yake, na akatuombea ruhusa watoto walishike.

Kilichobaki ni wazazi. Mwalimu Edith aliitisha kikao shuleni, nikaenda kueleza mpango. Nilieleza chakula, maji, choo, zahanati, askari mwenye bunduki, na kwamba tutashuka sehemu moja tu, pale bwawani panaporuhusiwa, kila mtoto akiwa ameshikwa na mtu mzima. Wazazi wengine walitikisa vichwa kukubali. Akasimama baba mmoja mwenye mabega mapana, mfanyakazi wa mitambo kiwandani kule Turiani, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri kuja kikaoni. Mwanawe wa kike, Zawadi, alikuwa amekaa kando yake.

"Mama, mpango wako nimeusikia na ni mzuri," akasema. "Lakini mnyama akitoka majani, hawa wanaoona watakimbia. Mwanangu atakimbilia wapi? Na hata akirudi salama, ataambulia nini huko?"

La kwanza nilikuwa na jibu lake, kwamba mbele ya mnyama hakimbii mtu yeyote, mwenye macho wala asiye nayo, na askari yupo kwa ajili hiyo. La pili halikunisubiri. Zawadi akainua mkono kama yuko darasani, baba yake hakuuona, akaamua kusema tu.

"Baba, Jumapili unapofuata mpira, unauona wapi?"

"Redioni," baba akajibu, bila kujua anakopelekwa.

"Na goli likiingia unaruka mpaka chai inamwagika. Uwanjani hujawahi kufika."

Wazazi wakacheka, na Mwalimu Edith akainamia mkoba wake. Yule baba hakucheka. Alimtazama mwanawe, akakaa. Baadaye mlangoni akanishika mkono akasema, "Mimi simu yangu haizimwi siku hiyo. Mnielewe." Nikamwambia nimeelewa.

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Masika yalikuwa yameshaaga, tena kwa heshima zote, halafu yakarudi kuchukua kitu yalichosahau. Tuliondoka Morogoro kukiwa na giza, watoto wamejifunika mablanketi, na nilipoona maji yamesimama pembeni mwa barabara kule Doma moyo wangu ulianza kushuka. Langoni walishika lile fuvu. Mvulana mmoja, Musa, aliingiza mkono kwenye taya la kiboko mpaka kiwiko, akauliza kwa sauti ya mtu mzima kama kweli mnyama huyu anakula majani. Joseph akasema ndiyo. Musa akasema kiboko anajichosha bure kuwa na meno haya. Moyo ukapanda kidogo.

Tulikuwa hatujafika bwawani lori likazama. Kassim alishuka, akakandamiza kisigino, akanitazama. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekwenda lote. Bwawa lilikuwa mbele yetu, asubuhi ilikuwa inapita, na viboko wangelala muda si mrefu. Nilisimama kwenye tope na gambuti zangu nikimfikiria yule baba wa Turiani na simu yake isiyozimwa. Nilifikiri, watoto watasimulia nyumbani kwamba walipelekwa kukaa kwenye lori.

"Zima injini tuchimbe," nikamwambia Kassim.

Alipozima, bonde zima likaingia ndani ya gari. Vyura walikuwa maelfu, kila upande, wengine wembamba kama filimbi na wengine wazito kama mtu anayebisha mlango wa mbao. Juu yao wakapita bata kwa kelele, na mahali fulani mbele tai wa majini akatoa ule mlio wake wa kutupa kichwa nyuma. Watoto walikuwa wakiongea. Wakanyamaza wote kwa pamoja bila kuambiwa.

Tulikuwa tumechimba kidogo Joseph aliponigusa bega. "Mama, rudini garini. Polepole."

Tembo walikuwa wanatoka kwenye nyasi ndefu, kundi zima, wakielekea majini. Tulipanda, tukakaa. Joseph akaanza kusimulia kwa sauti ya chini sana, kama tulivyofanya mazoezi: wako mkono wa kushoto, wa mbele ni jike kubwa, mkonga wake umeshika fundo la nyasi. Na kweli tulilisikia likichanika, kama mtu anapopasua kitambaa kipya. Harufu yao ikafika, ya zizi na ya majani mabichi. Walisogea mpaka tukasikia matumbo yao yakinguruma. Mkono wa Zawadi ulikuwa umeshika wangu, nikadhani anaogopa, nikamwinamia.

"Mbona hawana vishindo?" akaninong'oneza. "Nilidhani ardhi itatetemeka. Wanatembea kama paka."

Nilikuwa nimewaona tembo miaka mingi. Sikuwahi kugundua kwamba hawana vishindo. Niliwatazama nyayo zikishuka kwenye tope, moja baada ya nyingine, na kweli hazikuwa na sauti ila ile ya maji kurudi mahali pake. Walipita nyuma ya lori, wakaingia matete, wakaisha.

Musa akauliza, "Tukiwa tumekwama, tunaweza kukwama tena kesho?" Ndipo gari zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikashika ubao wa kiti.

Zile mbao za mninga zilifanya kazi yake. Kassim hakukanyaga mafuta kwa hasira, lori likatambaa likatoka, na walimu waliosukuma wakawa weusi mpaka kope. Bwawani tulishuka mstari mmoja, kila mtoto na mkubwa wake. Walishika matete, wakapima urefu wake kwa kunyoosha mikono. Joseph alipata unyayo wa kiboko kwenye tope zito, mbali na maji, watoto wakaingiza vidole kwenye kila kidole cha kiboko na kulinganisha na viganja vyao. Kisha tukasimama kusikiliza.

Kimya. Tulikuwa tumechelewa. Nilimwona Joseph akitazama maji, nikajua anawaza ninachowaza. Mwalimu Edith akanikaribia akasema tusisikitike, watoto wamepata vya kutosha. Alikuwa bado anasema hivyo kiboko mmoja akapuliza pua, akafoka, akacheka kile kicheko chao kizito cha kushuka ngazi, na bwawa lote likamjibu. Sauti ilikuja mpaka tukaihisi kifuani. Watoto wakarudi nyuma hatua moja, wote, halafu wakaja mbele mbili. Musa akavuta pumzi akamwigiza yule kiboko, vizuri kuliko nilivyotegemea, na kiboko akamjibu. Joseph, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia mambo kama hayo, alitazama upande mwingine. Musa akajibu tena, na mzee wa bwawa naye hakukubali kushindwa. Walibishana hivyo, mtoto wa Morogoro na kiboko wa Mkata, na Mwalimu Edith aliyekuwa ametapakaa tope mwili mzima alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Tulipanga kukaa bwawani kidogo tu. Tulikaa mpaka chakula kikapoa.

Jioni tuliporudi shuleni wazazi walikuwa wamesimama getini. Baba wa Zawadi hakuwepo, alikuwa zamu. Alipiga simu, Zawadi akaishika, na nilimwacha akieleza habari za tembo. Nilikunywa chai kwa walimu, nikanawa miguu, nikarudi, bado alikuwa anaeleza.

Baada ya hapo simu za ofisini zilibadilika. Shule moja ya Iringa ilitaka ile safari ya kusikiliza, ikafuata ya Dodoma, kisha wakaja wageni wenye macho mazima waliosikia habari zake na kuomba wapewe kimya kama hicho. Tulikata kelele kwenye safari zetu zote. Joseph akawa anafundisha askari wengine kusema bila "pale" na "kule". Zile ofisi mbili zilizomkataa Mwalimu Edith nazo zikaanza kuwapokea watoto wasioona, na nikawapa mpango wangu wote, hata sehemu za choo. Bi Konsolata kabla ya kustaafu alinitambulisha kwa mgeni mmoja: "Huyu ni Tausi. Anajua Mkata kuliko mimi." Kisha akatazama pembeni akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Watoto wale walikua. Zawadi alisoma mpaka chuo, sasa ni mwalimu, na kila mwaka alileta darasa lake kwangu. Mara zote nilimwuliza habari za baba yake, na mara zote alisema mzee anasema atakuja, zamu hazimruhusu.

Wiki yangu ya mwisho kazini Zawadi akapiga simu. Mzee amestaafu kiwandani, na safari hii hana sababu. Nikapanga safari ya watu wawili, ndogo kuliko zote nilizowahi kupanga, na nikaipanga kwa uangalifu kuliko zote. Kassim aliendesha. Tulifika bwawani mapema, mzee akashuka na koti lake la Ijumaa, mabega bado mapana, Zawadi akamshika mkono. Nilidhani Zawadi ndiye anayeongozwa, mpaka nilipomsikia akimwambia baba yake wapi pa kukanyaga ili asiteleze, na mzee akitii.

Viboko walikuwa wameanza maneno yao. Zawadi alimweleza baba nani anaanza ugomvi na nani anaumaliza, na mzee alisimama mdomo wazi kidogo. Ndipo likaja gari jingine, la kifahari, limejaa wageni, likasimama nyuma yetu injini ikinguruma, na watu wakaanza kuitana wapige picha. Nilikuwa nageuka kwenda kuwaomba. Mzee alinitangulia. Alikwenda mpaka dirishani kwa dereva, akavua kofia, na nilimsikia vizuri kabisa.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu. Naomba uzime gari. Binti yangu anatazama viboko."

Dereva alimtazama mzee, akamtazama Zawadi pale ukingoni, akazima.